Jiwe Lenye Jina la Baba Mkwe

Mwaka niliokuwa darasa la sita, huko bara ya Malindi, tuliamshwa kila asubuhi na sauti ya panga likinolewa, na pamoja nayo ilikuja harufu ya jiwe lililomwagiwa maji, kama ya vumbi lililopata mvua ya kwanza. Kinoo chetu kilikuwa jiwe la mchanga la rangi ya kijani iliyofifia, mfano wa mchicha uliochemshwa. Chembe zake zilikuwa laini kuliko za mawe yote ya mtoni, na katikati kilikuwa kimelika, kimebonyea kama mgongo wa punda mzee.

Muhula huo mwalimu alitaka kila mmoja wetu alete jiwe pamoja na jina linaloitwa kwao. Lisilo na jina lisingewekwa mezani. Hawe, yaani nyanya yangu mzaa baba, aliniambia jiwe letu lina jina lake hasa, ila yeye hawezi kulitamka. Aliyeligundua alikuwa baba mkwe wake, na watu wakaliita kwa jina lake la utani. Mke hataji jina la baba mkwe, hata mkwe mwenyewe akiwa kaburini. Nikamgeukia Hawe Sidi, mke mwenzake.

"Mwambie wewe, ndiwe mkubwa," Hawe Sidi akamwambia mwenzake.

"Kwani alikuwa mkwe wangu peke yangu?"

"Basi anza, nami nitaitikia."

Wakacheka hadi wakashika mbavu. Mimi nililia kwa hasira.

"Heshima si utumwa, mjukuu wangu," Hawe akasema, akaendelea kunoa panga lake.

Babu na wenzake waliolijua jina hilo walikuwa wameshafariki. Baba, kibarua wa chumvi Marereni, alipokuja nyumbani alisema, "Sisi twaliita kinoo tu." Nikapeleka kipande kwa jina hilo. Mwalimu akasema kinoo ni kazi ya jiwe, si jina lake, akakitupa dirishani.

Husemwa penye wazee haliharibiki neno. Letu liliharibika mbele ya wazee wawili, wakicheka, na sasa wote wamezikwa. Mwezi uliopita niliona jiwe lile lile mjini Malindi, limekatwa vigae vya sakafu. Nikamuuliza muuzaji linaitwaje. "Hilo ni la kijani, dada. Wataka mangapi?"

Kinoo ninacho jikoni hadi leo. Juzi binti yangu aliniuliza jina lake. Niliendelea kunoa kisu, naye akatabasamu, maana kisa cha Hawe anakijua. Alidhani nami nazuiwa na adabu. Sikuwa na neno la kuzuia.