Mteja wa Mke Wake

Mji mzima ulimwita Godoro, hata watoto. Alianza kama mchukuzi wa mizigo stendi, akaoa binti wa fundi cherehani, na wawili hao wakawa wanashona magodoro ya pamba kwenye baraza la nyumba ya watu. Mke alikata kitambaa na kubembeleza wateja. Mume alishindilia pamba, kisha akajitwika godoro kulipeleka. Baraza likazaa kibanda, kibanda kikazaa duka la milango mitatu.

Walipopata hawakujisahau. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda vitupu. Mke akasema, "Mtu azae halafu alale juu ya vyuma?" Wiki hiyohiyo wodi ikapata magodoro. Baadaye wakajenga bweni la wasichana. Siku ya ufunguzi Godoro alishikishwa kipaza sauti, akababaika, akasema, "Muulizeni mama watoto, mimi mbebaji tu." Watu wakavunjika mbavu.

Maradhi ya kusahau yalimwingia mke polepole. Mkasi ukakutwa ndani ya ndoo ya maji. Dada yake akawa mgeni kwake. Asubuhi moja Godoro alimpelekea chai chumbani, naye akajivutia shuka hadi shingoni.

"Baba, umeingiaje humu? Mume wangu akikukuta patachimbika!"

"Ni mimi, mama watoto."

"Wewe mzee? Mume wangu kijana. Kapeleka godoro, anarudi sasa hivi."

Godoro alitoka, akasimama uani na kikombe mpaka chai ikapoa. Madaktari walikwishasema hakuna dawa.

Dukani tu ndipo mke alipomvumilia, maana alimdhani mteja. Basi binti yao akawa anatangulia na mama yake, Godoro anafuata nyuma, anabisha hodi kwenye duka lake mwenyewe.

"Karibu, baba. La ukubwa gani?"

"La watu wawili."

"Mkeo hajambo?"

"Hajambo," alijibu.

"Mtunze. Wangu mimi hunitekea hata maji ya kuoga."

Mke alifariki msimu wa mvua, hajamtambua mumewe. Mazishini wasemaji walimsifu Godoro kwa wodi na bweni. Yeye alitazama chini tu.

Walipofungua duka tena, alimuuliza binti yake, "Siku zile za mwisho, alinitaja hata mara moja?"

"Kila siku, baba. Alikuwa anachungulia mlangoni, anasema umechelewa kurudi."

Godoro akakaa juu ya magodoro, akalia kwa sauti kama mtoto. Mteja aliyekuwa anaingia akarudi nyuma taratibu, na binti akafunga milango yote mitatu.