Debe la Maji kwenye Karia

Nakumbuka siku moja bibi yangu alinipiga konzi kwa sababu ya chungu. Nilikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi bado. Kwetu huku Ileje maji yako bondeni na nyumba ziko juu, kwa hiyo chungu kinapanda mlima kichwani mwa mtu kila siku. Shangazi zangu walivunja vyungu mpaka babu akachoka kununua. Cha bibi kikadumu. Nikamwuliza chake kilichomwa kwa moto gani. Ndiyo hiyo konzi. "Wewe unatazama chungu," akasema. "Tazama magoti." Sikuelewa, halafu mbuzi walishaingia kwenye maharage ya watu, nikakimbia.

Nisamehe, mwanangu, nilitaka kukueleza habari za baiskeli.

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu tena, nilikwenda Tunduma kupakia magari yanayovuka Zambia. Nikarudi na baiskeli mpya. Wala sikuridhika nayo ilivyo. Nilikuwa nimempelekea fundi wa kuchomelea, akaongeza bomba la pili kwenye fremu, akabana foku ya gurudumu la mbele kwa vyuma, karia ya kubebea mzigo nyuma akaisuka kwa nondo. Vijana wanaoshusha mikungu ya ndizi kwenda Isongole wakaiita Kifaru. Basi nikavimba kichwa. Nilikuwa nateremka nimekaa kama gunia la mahindi, kila jiwe napita juu yake. Kwani chuma si chuma?

Masika yale mama akavimba mguu, homa juu. Gari halipandi kwa matope, na hospitali iko chini kule, karibu na Isongole. Nikamletea Kifaru mlangoni, nimemfungia na mto wa kukalia. Mama akaitazama, akanitazama.

"Chuma nimekiona," akasema. "Wewe bado sijakuona."

Alikuwepo Kibona, jirani yetu, mtu aliyebeba ndizi tangu mimi sijazaliwa. Baiskeli yake rangi imekwisha, kengele hamna, siti imefungwa kwa mpira. Nikamcheka. "Baba, hiyo si itamwangusha mama kabla ya kona?"

"Labda," akasema. "Lete madebe."

Waendesha baiskeli wa kwetu walikuwa na desturi yao. Kabla hujapakia mtu mlimani, unafungiwa debe la maji kwenye karia, wazi bila kifuniko, unateremka mpaka kijitoni. Wanatazama kilichobaki. Maji hayajui huyu mtoto wa nani.

Nikatangulia. Breki nimezing'ang'ania kutoka juu mpaka chini, Kifaru anaruka, maji yananimwagikia mgongoni. Pale kijitoni debe lilibaki na maji ya kulowesha kucha. Na pale fundi alipochomelea, pamepasuka. Chuma kilikuwa kimepokea kila pigo peke yake, maana mimi sikukisaidia hata moja.

Kibona akaja nyuma yangu. Amesimama kwenye pedali, magoti kayakunja, baiskeli inacheza chini yake, yeye ametulia. Kabla ya kona anakamata breki, ndani ya kona anaiachia. Penye mawe makali akashuka, akasukuma, wala hakuona aibu. Debe lake lilipungua kidogo tu. Na mimi nikayaona magoti ya bibi yangu, mwanangu, miaka yote hiyo baada ya konzi.

Mama alishushwa na Kibona. Mimi nilifuata kwa miguu, nimebeba mto.

Mama alipokuwa amelazwa, Kibona akanifundisha kwa baiskeli yake ileile. Kila asubuhi debe, kila asubuhi ananizomea: "We bwana, unamwogesha nani?" Nililowa mpaka nikazoea. Siku nyingine nikafika chini shati kavu, akalifungua debe mwenyewe, akalimwaga, nikajua nimefuzu.

Mama akapona akarudi nyumbani, lakini akatakiwa kwenda kuonyesha mguu tena. Siku hiyo Kibona akaniachia baiskeli yake, yeye akatangulia kwa miguu. Mama hakungoja kuitwa. Alikuja mwenyewe kwenye karia, akakaza kanga, akasema, "Haya, twende." Tulipofika chini alikuwa amesinzia, kichwa mgongoni mwangu.

Sasa wewe, mjukuu wangu, umeniomba niseme na baba yako akununulie baiskeli ya milimani, yenye springi mbele na nyuma. Nitasema naye. Chagua nzuri, kaza nati, tia cheni mafuta, spoki iliyolegea usiipuuze. Lakini mwili wako uubebe mwenyewe, usiitwishe baiskeli kila kitu. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukiona njia imekushinda, shuka usukume, waache wacheke. Mungu akupe magoti laini na njia ndefu, akupe na mtu wa kukuamini hata asinzie mgongoni kwako.

Na Kibona? Siku ile alitungoja pale Isongole, mpakani na Malawi. Akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akalisikiliza. Nikamrudishia usukani. Hakuushika.

"Mrudishe mama yako nyumbani," akasema. "Mimi naenda ng'ambo mara moja."

Akakunja suruali, akauvuka mto Songwe kwa miguu, upande wa Malawi akapanda ukingo bila kugeuka. Baiskeli yake ninayo mpaka leo. Yeye hajarudi, wala hakuna aliyejua alikokwenda.