Nilivyofundishwa Kulima Kwenye Gunia

Asubuhi nafundisha darasa la nne, jioni nalima: hivyo ndivyo nilivyoishi tangu vita viishe, kule kwetu magharibi mwa nchi, hadi watu wa mafuta walipogundua kwamba shamba langu la muhogo limekalia utajiri wa taifa. Wakanipa hongera. Kisha wakapigilia vigingi vyekundu katikati ya matuta na kunikataza hata kupalilia. Je, ningeruhusiwa kuvuna kabla hawajaweka uzio? Hakuna aliyejua. Jibu, waliniambia, liko Kampala.

Kampala wakaniita kweli, kwenye semina ya akina mama wakulima, katika ofisi moja ya mradi huo wa mafuta, mtaa wa Nakawa. Kwetu mtu haendi ugenini mikono mitupu, hasa akiwa na ombi. Nikachimba muhogo wa kujaza kikapu, huku nikichungulia nyuma kama mwizi, ndani ya shamba langu mwenyewe.

Askari wa getini alikitazama kikapu, kisha akanitazama mimi na viatu vyangu vya Jumapili.

"Mama, vitu ya jiko napita nyuma."

"Mimi ni mwalimu. Nimekuja semina."

"Sawa, mwalimu. Lakini muhogo hapana ingia semina."

Basi muhogo ukapita nyuma, mimi nikapita mbele.

Ukumbini, bwana mmoja mwenye tai na kucha safi kuliko za bibi harusi alitufundisha kupanda mboga kwenye gunia. Sisi, wenye sugu za jembe! Tuliambiwa huo ndio ukulima wa kisasa, hauhitaji shamba. Kipaza sauti kiliponifikia, nikamwuliza bosi wa mradi: muhogo wangu umekomaa, nivune au nisivune?

"Swali zuri sana," akasema. Watu wakapiga makofi, tukaenda kula.

Mezani palikuwa na muhogo wa kukaanga. Nilijua ni wangu kabla sijauonja. Bosi alirudi na sahani mara ya pili.

"Muhogo mtamu huu! Umetoka wapi?"

"Kwenye shamba lile nililoulizia, ssebo," nikamjibu kwa heshima ya kumwita bwana.

Akanishika bega, mdomo umejaa. "Vizuri sana, mama. Lima zaidi!"

Nilitamani kumpokonya sahani. Badala yake nikasema asante, na asante hiyo inanichoma hadi leo.

Niliporudi nyumbani, uzio ulikuwa umeshafungwa. Jumamosi ile nikaenda sokoni kununua muhogo, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.