Kamba ya Magome Kati ya Mawifi Wawili

Saa kumi na mbili asubuhi, mkusanya mbegu anasimama ukingoni mwa msitu na kujifunga kamba kiunoni. Ncha ya pili anamfunga wifi yake. Anakaza fundo, halafu analikaza tena.

"Wifi, mimi si mbuzi," mwenzake analalamika.

"Mbuzi ana nafuu. Akipotea hupiga kelele."

Wanacheka. Kamba hiyo mkusanya mbegu ameisokota mwenyewe kwa magome ya ndani ya matawi machanga, aliyoyaloweka kwanza mpaka yakalainika.

Kazi yao ni kuokota mbegu za miti ya porini na kuwauzia wenye vitalu vya miche. Siku njema hutoa unga na sabuni. Siku mbaya hutoa miiba.

Ile mbaya kuliko zote ilikuwa msimu uliopita. Ukungu uliwakuta ndani kabisa, njia ikapotea. "Nilijua jioni imeingia kwa sababu matiti yalijaa," mkusanya mbegu anasimulia. "Mwanangu alikuwa kwa bibi yake, na mimi blauzi imelowa maziwa."

Walitandika matawi yenye majani wasilalie ardhi baridi. Mkusanya mbegu akapekecha kijiti kikavu juu ya kipande cha mti laini mpaka moshi ukatoka. Kilichokosekana ni kuni tu. Wifi akapapasa gizani, akagusa kichaka cha vijiti visivyo na majani. Akadhani vimekauka, akavunja.

Ulikuwa mnyaa. Utomvu wake mweupe, unaoweza kupofusha, ukamrukia jichoni.

"Miti ndiyo kazi yetu, jamani! Lakini giza halina mjuzi," anasema. "Maji hatukuwa nayo. Nilimkamulia jichoni maziwa ya mwanangu, huku nalia."

Kulipokucha waliona mkuyu bondeni. Mkuyu hupenda penye maji, basi wakafukua mchanga chini yake, wakanywa, wakaliosha lile jicho, wakafuata bonde hadi mashambani. Hospitali ilifanya ilichoweza. Jicho hilo sasa huona vivuli tu.

"Limebaki moja," mkusanya mbegu anasema polepole. "Nalo analileta humu humu."

Leo, kabla magunia hayajafika nusu, ukungu unashuka tena. Miti ya mbele inafutika. Anahisi kamba imelegea, anaivuta. Inakuja kirahisi mno. Inakuja yote, mpaka ncha tupu.

"Wifi!"

Anaweka viganja mdomoni, anaita tena.

"Wifi weee!"

"Nipo! Hata kujisaidia niende na fundo lako?"

Hacheki. Anakaa juu ya mzizi, kamba kifuani, machozi yanamtoka. Wifi anatokea akipapasa shina kwa shina, anaitwaa ile ncha na kujifunga mwenyewe.

"Nimefunga mara mbili. Haya, nyamaza. Ukilia tutapotea kwa jicho langu moja na yako mawili yaliyojaa maji."

Mvua zikianza, wanataka kuchomeka matawi ya mkuyu kandokando ya njia, kutoka bondeni hadi ukingoni. Tawi la mkuyu huota likichomekwa. Watayapanda upande mmoja tu, mkono wa kulia wa anayerudi nyumbani.

"Mwanangu ameanza kutembea," anasema. "Siku moja atanifuata huku. Ukungu ukimkuta, apapase kwa mkono wa kulia, arudi."

Anavuta kamba kidogo.

"Upo?"

Kamba inavutwa kutoka ndani ya weupe.

"Nipo, wifi. Tembea."