Ubao Usiokunywa Maji

Usiponiamini sitakulaumu. Nilikuwepo mwenyewe, akili zangu timamu, tumboni sina kitu ila chai, na bado kuna siku naamka nikijiuliza kama yalitokea kweli. Yalitokea. Tena si usiku, kama wengi wanavyopenda kusimulia. Ni mchana, jua utosini, kwenye barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, miaka ile ya tisini ambapo Wakongo walikuwa wameanza kuingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma.

Nilikuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja mwenye duka Lodwar. Ndugu yangu mdogo, Ekai, alikuwa akivua samaki kule Kerio, kando ya Ziwa Turkana, na chombo chake kilikuwa cha ajabu: ubao mrefu wa kuchezea mawimbi. Ulikuwa wa Mzungu mmoja mchimba visima, aliyeuleta akitumaini kuteleza nao ziwani. Mawimbi aliyakuta, na mamba pia aliwakuta. Alipomaliza kazi yake aliniachia, nami nikampa Ekai. Alikuwa anapiga magoti juu yake, anausukuma kwa mti mrefu hadi kwenye nyavu zake karibu na matete. Watu wa Kerio waliuita mlango. "Ekai, leo nyumba ya nani imelala wazi?" walimtania. Yeye alicheka tu, maana samaki walikuwa wakija.

Kisha ubao ukagonga jiwe, ukapata ufa mkiani, ukaanza kunywa maji. Asubuhi unatoka mwepesi. Ukirudi ni mzito, mkia umezama, na miguu ya Ekai imo majini. Unajua maana ya miguu kuwa majini kule? Siku niliyokwenda kuuchukua niupeleke kwa fundi, aliniambia, "Kaka, nirudishie kitu kinachoelea. Mamba wameanza kunisalimia kwa jina."

Fundi alikuwa Kakuma, ndani ya kambi. Mkongo, tukimwita Baba Furaha, mtu aliyeziba mashua za kila aina kwenye Ziwa Tanganyika kabla vita havijamtoa kwao. Nikaupakia ubao juu ya magunia ya unga ya tajiri, nikaufunga kwa kamba, nikaondoka.

Kabla ya kufika Kakuma kuna laga, mto wa mchanga tu, maji hupita mvua ikinyesha. Hapo gari likachemka. Nikafungua boneti, nikachukua mtungi wa maji, na nilipogeuka nikamwona mtu amekaa chini ya mgunga. Kando yake, umeegemea shina, kulikuwa na ubao kama wangu.

Nisikilize vizuri. Turkana nzima ilikuwa na ubao mmoja wa namna ile. Wangu. Wangu ulikuwa wa manjano. Ule ulikuwa mweupe.

"Ejok," akanisalimia.

"Ejok-noi," nikaitika.

"Huo wako unakunywa."

"Nani amekuambia?"

"Wangu haunywi. Tubadilishane."

"Bila nyongeza?"

"Bila nyongeza. Nimechoka nao."

"Mtu anachokaje na ubao mzima?"

"Nimechoka kutembea nao peke yangu."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa mtu aliyepigwa na jua. Nikaenda kuutazama ule ubao, na hapo nikasahau kuuliza maswali ambayo hata mtoto angeuliza. Ulikuwa umetumika, ndiyo, una mikwaruzo ya magoti katikati, lakini hauna ufa. Niliugonga kwa kifundo cha kidole kutoka kichwani hadi mkiani, ukalia sawasawa kote. Niliunyanyua: mwepesi. Ulikuwa mwembamba kidogo kuliko wangu, na hilo likanipa shaka, kwa sababu Ekai alikuwa ameuzoea wangu na upana wake. Wangu nilijua ugonjwa wake, na fundi alikuwa ananisubiri. Huu sikujua lolote juu yake. Je, nikimpelekea kitu kigeni kimbinue katikati ya ziwa? Lakini je, fundi akiziba halafu kiraka kifunguke? Nilisimama pale nikipima, huku, kule, jua linaniunguza shingo, na kila nilipofikiria miguu ya Ekai majini niliuona ule mweupe kuwa bora.

Jambo jingine. Ubao ulikuwa umelowa. Chini yake, kwenye kile kipande kama pezi, palikuwa na jani la ziwani, bichi kabisa. Ziwa lilikuwa mbali, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Nililishika lile jani kwa vidole vyangu, nikalitupa, nikasema, "Haya, tubadilishane."

Kwa nini? Hata leo sijui. Nataka kusema nililogwa, lakini sidhani. Niliona kitu kizima, nikakitaka.

Akajitwika wangu kichwani, akaenda zake akifuata laga. Nikafunga boneti. Nilipotazama tena hakuwepo, na laga pale imenyooka, hakuna hata kichaka. Nikajiambia ameketi mahali. Sura yake siikumbuki. Siku nyingine namkumbuka mzee, siku nyingine kijana kuliko mimi.

Baba Furaha aliuzunguka ule ubao akitafuta ufa. "Ndugu, ulisema iko na tundu. Tundu iko wapi?"

"Nimebadilishana njiani."

Akaweka kiganja juu yake, akakitoa haraka, akakinusa. "Hii kitu imetoka ku maji leo."

"Baba Furaha, huku kuna maji gani?"

"Ndiyo nakuuliza weye. Mie nimekaa ku ziwa miaka mingi. Rudisha kwenye ulitoa." Na yeye, mtu asiyekuacha uondoke bila chai, siku hiyo aliingia ndani akafunga mlango.

Laiti ningeurudisha. Niliupeleka Kerio.

Ekai alikuja mbio kunipokea ufukweni nilipokuwa nimeubeba. Akasimama ghafla. Hakuutazama ubao. Alikuwa anatazama mchanga nyuma yangu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Kaka, nakuuliza. Umekuja na nani?"

Kwetu mtu husoma ardhi kabla hajasoma uso. Ukikutana na mgeni unatazama nyayo zake: ametoka wapi, amechoka, amebeba nini. Ekai alikuwa akichunga mbuzi wakati mimi niko sekondari, na miaka yangu ya usukani ilikuwa imenimalizia hata kidogo nilichojua. Nikageuka. Alama za viatu vyangu zilikuwepo. Kando yake, hatua kwa hatua, nyayo za mtu peku, kubwa, zimezama kama za mtu aliyebeba mzigo. Zilianzia kwenye gari, mlango wa upande wa abiria.

Nikamsimulia yote. "Na nyayo zake uliziona?" akauliza.

"Niliutazama ubao."

"Umesoma sana, kaka," akasema, akarudi nyuma.

Hakuugusa. Mwezi ule ule alihamia Todonyang, kaskazini kabisa mwa ziwa, akapata kazi kwenye mashua ya watu. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mguu, nikampoteza mzima.

Niliurudisha ubao kwenye laga, nikauegemeza pale pale kwenye mgunga. Safari hii nilisoma ardhi. Alama za gari zipo, za viatu vyangu zipo. Za yule mtu, hakuna hata moja. Nikafurahi! Nikaendesha hadi Lodwar nikiimba. Nilishuka uani, nikapiga hatua chache, nikatazama nyuma: nyayo za peku zilikuwepo, kando ya zangu.

Sasa nimezeeka. Nimepanga chumba mjini chenye sakafu ya simenti hadi nje, kwa sababu simenti haionyeshi kitu. Ekai akija Lodwar hukubali kukaa nami kwenye baraza ya duka tu, miguu ameikunja asikanyage mchanga. Tunakunywa chai, tunazungumza habari za samaki. Hajawahi kunialika kwake, nami sijaomba.

Kwa hiyo wewe, ukikutana njiani na mtu anayetaka kubadilishana nawe, na kitu chake ni kizima kuliko chako, usianze na kitu. Tazama chini. Usipoona alikotokea, washa gari uondoke, hata kama linachemka.