Nguzo Mbili za Rugenge

Nilipokuwa mtoto, barabara yetu pale Rugenge ilikuwa na lango lisilo na nyumba: nguzo mbili za matofali zilizopambwa maua ya simenti, na ukuta wenye matundu huku na huku. Muzungu aliyezijenga alikwisha kwenda zake, nyumba ikabomoka. Majivuno yake tu ndiyo yaliyobaki wima.

Tulijua kwamba anayepita kati ya nguzo zile atakuwa peke yake mpaka kufa. Akitoka mwenyewe, anatoka na upweke wake. Dawa ni mtu mwingine aingie, amtoe kwa mkono, na upweke umhamie huyo. Koko, mama ya mama yangu, ndiye aliyetufundisha. Yeye alikuwa akivuka upande wa pili wa barabara ili hata kivuli chake kisiziguse.

Mchana mmoja kuku wake alikimbilia ndani, nami kwa ujinga nikamfuata. Nilipomkamata na kugeuka, rafiki yangu Nyota alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani.

"Nyota, kuja unitoe!"

"Miye? Ndiyo nibakie pekee juu ya kuku yenu? Bakia na muzungu wako!"

Akaenda. Watoto wengine wakaja, wakacheka, wakachoka, wakarudi kwao kula. Hakuna hata mmoja aliyeingia. Nikakaa chini, kuku mapajani, nikisikia vyungu vya watu vikifunuliwa.

Koko akafika anahema. Alisimama mbele ya nguzo muda mrefu. Akafanya ishara ya msalaba, akavua kandambili, akaingia. Hakunikumbatia. Alinishika sikio.

"Weye mujinga! Kuku iko yangu, na weye pia uko wangu. Tembea!"

Mkono wake ulikuwa baridi kama samaki.

Nguzo bado ziko. Vijana wa pikipiki wanazibandika matangazo. Mume wangu alichukuliwa na pombe, watoto wangu na vita na safari, na majirani wananong'ona kuwa nguzo zilinipata. Upuuzi. Tofali halina mikono. Koko mwenyewe alikufa nyumba imejaa watu, wengine hawana hata pa kukaa.

Lakini yeye aliamini. Aliamini kuliko sisi sote, na aliingia. Mimi nimezeeka nikipendwa na watu wengi waliosimama barabarani.