Nisomee Kuanzia Juu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo miguu inataka kusimama yenyewe. Basi mimi nisimame, wewe kaa. Umekuja kwangu asubuhi hii na kompyuta mkononi, umenuna, unasema plagini uliyoiweka ya kupangia kurasa ni mbovu, umeitoa na kuirudisha mpaka umechoka, na sasa unataka kufuta kila kitu uanze upya. Usifute kwanza. Kunywa uji, nikwambie habari za Mwalimu Wambura wa Gorong'a. Hiyo plagini haina miguu, haitakimbia.

Unaniita bibi nami naitika, kwa sababu hapa kwetu ukishapata mjukuu umekuwa mzee hata kama magoti hayajaanza kulia. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa hesabu, sekondari, mjini Tarime. Nilikuwa mwepesi, sikai mahali. Mama yangu alikuwa akisema Gati hawezi kungoja maji yachemke bila kufunua sufuria. Alisema kweli, nilikuwa nafunua.

Mwalimu Wambura ndiye aliyenifundisha hesabu shule ya msingi. Alipostaafu hakupumzika. Alikuwa ameandika kwa mkono maswali ya hesabu ya miaka yake yote ya kufundisha, na alitaka yawe kitabu kidogo cha watoto wa huku. Unajua mambo ya huku. Mtoto wa Matongo au Nyakunguru anaacha shule anakwenda mashimoni kuchimba dhahabu, na huko mifuko ya mawe inagawanywa kwa mdomo. Asiyejua theluthi, akiambiwa hii ndiyo theluthi yako, anabeba tu na kushukuru. Mwalimu alikuwa anaumia kwa jambo hilo, na kila swali lake la sehemu lilikuwa na mfuko ndani yake.

Alikuwa amepeleka kazi kwa mchapaji mmoja mjini, akaletewa kurasa ambazo sehemu zote zimelala. Kiasi kiko huku, alama ya mkwaju katikati, asili imeangukia mstari wa chini. Akazirudisha. Akaniambia, "Gati, mimi nataka nizione zimekaa kama zinavyokaa ubaoni. Kiasi juu, asili chini." Nami kwa mdomo wangu huu nikamwambia nitamfanyia, tena kabla likizo haijaisha.

Hapo nikwambie kilichokuwa kinamsukuma. Mwalimu alikuwa na presha ya macho. La kushoto lilikuwa limeshazimika, la kulia lilikuwa linafifia, na daktari alimweleza kwamba dawa ya matone inachelewesha tu, kilichokwenda hakirudi. "Majibu yote yamo kichwani mwangu," aliniambia. "Mtu mwingine akikosea hatajua kama amekosea. Kitabu hiki nikisome mimi, kabla jicho hili halijafumba." Mkewe, Mama Robi, alikuwa amesimama karibu akichambua dagaa, akainamisha kichwa.

Nilikuwa na binamu upande wa pili wa mpaka, Mwita, ambaye alisomea Nairobi mambo ya hesabu na kompyuta. Nilivuka Sirari nikamkuta kwake, akanipa flashi yenye mafaili mawili. Moja kubwa sana, ndio mtambo wenyewe wa kupanga kurasa. Lingine dogo, ndio plagini, ambayo inakaa ndani ya programu ya kuandikia. Unaandika maswali yako pale, unabonyeza, plagini inauita mtambo, mtambo unakutolea ukurasa. Mwita akanionya, "Weka ile kubwa kwanza. Na uiache imalize, hata ikikaa kama imelala. Usiiguse." Nikaitika kama mtu mwenye akili.

Nilipofika nyumbani nikaanza na kubwa. Ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukasogea, ukasogea, halafu ukasimama. Nikaosha vyombo, nikarudi, umesimama. Nikaenda dukani kununua sabuni ambayo sikuihitaji, nikarudi, umesimama palepale. Nikasema hii imekufa. Nikabonyeza kukatisha. Kisha nikaweka plagini, ambayo iliingia kabla hata sijavuta kiti vizuri, nikafurahi, nikaandika swali la kwanza nikabonyeza. Skrini ikajaa maandishi mekundu.

Sasa niulize niliyasoma? Sikuyasoma, mwanangu. Niliona wekundu tu, nikaanza kazi ya kutoa na kurudisha. Nikageuza mipangilio niliyoijua na nisiyoijua. Nikapanda kilimani na modemu kutafuta mtandao, nikashusha toleo la zamani la plagini, halafu toleo jipya, halafu nikabadilisha hata programu ya kuandikia. Mchagua jembe si mkulima, ndivyo wanavyosema, na mimi kwa majembe niliyobadilisha likizo ile ningelima mpaka Mugumu. Jioni naapa sitaigusa tena, asubuhi kabla ya chai naigusa.

Nikampigia Mwita kwa hasira. Nikamwambia amenipa kitu kibovu, na kwamba watu wa ng'ambo wanajua kujisifu tu. Akanisikiliza. Akasema, "Dadangu, hiyo plagini iko sawa, kwangu inafanya kazi kila siku. Hebu niambie kitu kimoja tu. Ile kubwa uliacha ikamaliza?" Nikakata simu. Kwa siku nyingi hatukusalimiana, na shangazi akaanza kuuliza tumegombania nini.

Huku nyuma Mwalimu alikuwa ananitumia salamu kwa vijana wa bodaboda wanaokuja mjini. Kazi imefikia wapi? Nami najibu, karibu. Karibu, karibu, mpaka neno lenyewe likanichosha. Likizo ilipokaribia kuisha niliona bora niende nikamwambie kwa mdomo kwamba imeshindikana. Nikafunga kompyuta kwenye kitenge, nikapanda bodaboda mpaka Gorong'a.

Nikamkuta amekaa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mwanga. Nikasimama mbele yake, hatua chache tu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema. "Nani mwenzangu?"

Mwanangu, mtu huyu nilipokuwa mdogo alikuwa ananiona nikitafuna muwa kwenye dawati la nyuma kabisa. Nikasema ni mimi, Gati. Mama Robi akaniletea kigoda bila kunitazama.

Nikaanza kulalamika haraka haraka ili nisilie. Plagini ni mbovu, Mwita amenidanganya, kompyuta ni ya zamani, mtandao wa kilimani ni wa bahati. Akaniacha nimalize yote. Kisha akauliza, "Yenyewe inasemaje?"

"Inakataa, Mwalimu."

"Imesema hivyo, kwamba inakataa?"

"Kuna maandishi mekundu mengi. Ya Kiingereza."

"Nisomee."

Nikafungua, nikabonyeza, wekundu ukaja, nikaanza kusoma. Baada ya maneno machache akainua mkono. Akauliza kama huo ndio mwanzo. Nikasema hapana, ndio mwisho, unaoonekana chini ya skrini. Akatumia ile sauti ya darasani, isiyopanda wala kushuka.

"Wewe ni mtoto wa watu wenye ng'ombe. Ng'ombe akiibwa, vijana wanaanza wapi kufuata nyayo?"

"Mlangoni mwa zizi."

"Na wanazifuata vipi?"

Nikamjibu kama ninavyojua, kwamba nyayo zikiingia kijiji cha watu, wenyeji wanazipokea na kuzifuata mpaka zitoke kwao, na haparukwi hatua hata moja, kwa sababu ukiruka utamshika asiye na kosa.

"Wewe umekwenda kuzitafuta barabarani, baada ya watu wote kupita," akasema. "Na umeshamshika Mwita. Haya, mimi sioni, kwa hiyo usiniruke. Nisomee kuanzia juu, neno kwa neno."

Nikapandisha mpaka juu kabisa. Sikuwahi kufika pale tangu siku ya kwanza. Mstari wa kwanza ulikuwa na maneno machache, yanayoeleweka na mtoto wa kidato cha kwanza. Ulisema mtambo wa kupanga kurasa haukupatikana katika kompyuta hii. Nikausoma kwa sauti. Kuku walikuwa wanachakura uani na mimi nilitamani wapige kelele zaidi.

"Haukupatikana nini?" akauliza.

"Mtambo."

"Uliuweka?"

"Niliuweka nusu, Mwalimu. Nilikatisha."

Hakucheka, wala hakugomba. Angegomba ningepumua. Alisema tu, "Basi plagini ilikuwa inakwambia kweli siku zote hizi, nawe unaipiga." Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na pale hakuna aliyeniambia pole. Aliniambia niende nikaumalize mtambo, kisha nimpigie simu Mwita kabla sijafanya kingine chochote.

Nikarudi mjini. Nikaanzisha lile faili kubwa, nikakalia mikono yangu. Ule mstari ukafika palepale, ukasimama. Jasho likanitoka, nakwambia, kidole kinawasha. Ulikaa hivyo muda mrefu kuliko mara ya kwanza, kisha ukasogea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikabonyeza kutoa ukurasa, na wekundu ukaja tena, ukurasa mzima wa malalamiko. Safari hii nilianza juu. Mstari wa kwanza ulitaja namba ya mahali, nikaenda hapo, nikakuta bano nililolifungua kwenye swali moja na sikulifunga. Nikalifunga. Malalamiko yote yaliyofuata yakatoweka pamoja, kwa sababu hayakuwa makosa mengine. Yote yalitokana na lile bano moja. Na ukurasa ukatoka, mweupe, umenyooka.

Mwita nilimpigia. Alicheka mpaka nikaona aibu upya, lakini alicheka kwa kunisamehe.

Nilipeleka kurasa za mwanzo Gorong'a, zile za kujumlisha na kutoa, namba nzima nzima. Mwalimu alizisoma mlangoni, karatasi inagusa pua, kalamu nyekundu mkononi, akanishika makosa nami nikafurahi kushikwa. Akaniambia lete sehemu sasa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, nikawa naandika kila nafasi ninayoipata, mabano nikiyafunga kama mtu anayefunga zizi wakati wa wizi. Nilipomaliza sura ya sehemu nikaichapa, nikaenda nayo.

Akaipokea karatasi. Akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaisogeza karibu, akaipeleka mbali. Kisha akanirudishia taratibu.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Swali kwa swali, jibu kwa jibu, mchana wote, na siku nyingine nyingi baada ya hiyo. Alisahihisha kwa masikio. Kwenye swali la mifuko ya Nyakunguru alinisimamisha. "Theluthi mbili, Gati, si moja. Ukiacha hivyo kuna kijana atapunjwa." Nilikuwa nimekosea, na hakuna mtu mwingine chini ya jua ambaye angejua. Kitabu kilitoka bila kosa, kinatumika mpaka leo, wewe mwenyewe ulikisoma ulipokuwa darasa la tano.

Siku tulipokimaliza alinyoosha mkono, nikampa ukurasa wa sehemu. Akaupapasa kwa vidole, na karatasi, unajua, ni laini tu, haina kitu cha kupapasa.

"Zimekaaje?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nikasema, Mwalimu, kiasi kiko juu, asili iko chini, mstari katikati umenyooka, haukugusa huku wala kule. Zimekaa kama zako za ubaoni. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayesikiliza habari za ndugu aliye mbali. Akasema, "Basi vizuri."

Hakunilaumu siku ile wala nyingine yoyote, mpaka tulipomzika. Lakini mimi ni mwalimu wa hesabu. Zile wiki nilizotumia kutoa na kurudisha, zilikuwa wiki za jicho lake.

Kwa hiyo nikuusie, mwanangu, kisha nikae. Kitu kikikukatalia, kiulize kinasema nini, na usikilize kuanzia neno la kwanza, hata kama ni la lugha usiyoipenda. Ukibadilisha, badilisha kimoja, ujaribu, ndipo ushike kingine, maana ukigeuza kumi kwa pamoja hutajua kilichoponya wala kilichoua. Kilichosimama si lazima kiwe kimekufa, kipe muda wake. Mtu anayekusaidia akikuuliza swali, mjibu, usimkatie simu. Na kabla ya kuchezea muda, tazama vizuri ni muda wa nani. Mara nyingi si wako. Yupo mtu mlangoni anakungoja, na hakwambii kiasi gani kimebaki.

Mungu akutulizie mikono, mwanangu, na moto wa moyo wako akuachie kama ulivyo. Akupe wa kukusomea siku utakayohitaji kusomewa, na wewe uwe wa kumsomea mwenzako. Wanaokungoja wakuone ukifika wangali na macho. Haya, fungua kompyuta yako, upandishe mpaka juu kabisa, unisomee.